Nne ya Wapi?

Karatasi niliyopewa ilikuwa na neno moja na tarakimu moja: "Kuhama: 4."

Ilikuwa Novemba 2018, mjini Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa zamani na Wakenya tuliojaa tele. Wakati huo nilikuwa bado msaidizi wa wauguzi, CNA kama tunavyoitwa huku, kazi ambayo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki huanzia hata kama kwetu tulikuwa wauguzi wenye vyeti vyetu. Mombasa nilikuwa nimeshazalisha akina mama nisiokumbuka idadi. Lowell nikaanza upya kwa kutandika vitanda na kuosha migongo. Sisemi kwa uchungu, ni mambo ya leseni tu. Haya, kwa uchungu kidogo.

Kuhama, kwa lugha ya kazi yetu, ni kutoka kitandani hadi kitini na kurudi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, akapelekwa hospitali ya utengamao, yaani ile ya kumrudisha mtu kwenye kusimama na kutembea, na Ijumaa hiyo jioni alikuwa analetwa kwetu, kituo cha uuguzi, kumalizia safari. Muuguzi wa kule alimpigia muuguzi wetu simu ya ripoti. Muuguzi wetu akaandika alichosikia. Mimi nikasoma nilichoandikiwa.

Kwetu 4 haikuwa na ubishi. Kwenye skrini ya ukutani tuliyokuwa tukiibonyeza kila mwisho wa zamu, 0 ni anayejiweza, 1 ni wa kuangaliwa tu, 2 ni wa kusaidiwa kidogo, 3 ni wa kusaidiwa sana, na 4 ni yule asiyefanya lolote mwenyewe, mzigo wote juu yako. Basi nikamwita mwenzangu, dada mmoja wa Kisii ambaye mgongo ulikuwa umeshamsema, tukasukuma mashine ya kunyanyulia hadi chumbani. Mashine hiyo ina kitambaa chake: unamlaza mtu juu yake, unaning'iniza pembe kwenye ndoano, unabonyeza kitufe, naye anapanda hewani. Ni mbeleko ya mtu mzima.

Mzee alitutazama tukimfunga. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba jana yake alitembea mpaka chooni huku ameshikwa kiwiko tu. Nikamjibu kwa ile sauti tamu tunayoitumia kwa wazee tusiowaamini: sawa, tupumzike leo, kesho tutajaribu. Akanyamaza. Alipokuwa anapanda nikaona mkono wake umekamata ukanda wa mbeleko, imara, bila kutetemeka. Niliuona mkono ule. Lakini karatasi ilikuwa imeshasema.

Tulimbeba hivyo Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi mtaalamu wa viungo aliingia, akamsimamisha kwa mkono mmoja, akatugeukia kututazama kama watu waliokutwa wakimfungia mbuzi nepi. Kumbe kule mzee alikotoka 4 ni habari njema. Kule ngazi inapanda hadi 7, na 7 ndiye anayejitegemea kabisa, 1 ndiye hoi. Mwenye 4 anafanya robo tatu ya kazi mwenyewe au zaidi, anachotaka ni kuguswa tu asiyumbe.

Mzee hakulalamika. Ila zile siku mbili za kubebwa alizilipa yeye, kwa sababu mguu wa mtu wa umri ule usiposimama Jumamosi na Jumapili, Jumatatu unakuwa umeshasahau kiasi fulani. Ilimchukua karibu wiki nzima kurudi pale alipokuwa Ijumaa.

Tangu hapo, nikipewa namba yoyote ya mgonjwa, swali langu la kwanza ni "nne ya wapi?" Hata iwe tatu, hata iwe sita. Wenzangu wameshalizoea, wananitania nalo kwenye kikundi chetu cha WhatsApp.

Nilipoanza kusoma ili nifanye mtihani wa leseni, ndipo nikagundua kwamba hata hizo nne mbili hazikuwa zote. Mzee yule angemaliza kwetu akarudishwa kwake, angefuatwa na wauguzi wa huduma ya nyumbani, ambao wana fomu yao, OASIS, iliyoanza kujazwa nchi nzima mwaka 1999. Humo, kwenye kipengele cha kuhama, 0 ni anayejiweza na 4 ni mtu asiyetoka kitandani lakini bado anaweza kujigeuza. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa nyonga ile ile, angeweza kuitwa 4 katika majengo matatu. La kwanza lingemaanisha anakaribia kupona, la pili lingemaanisha abebwe, la tatu lingemaanisha halimwoni akiinuka tena.

Hakuna aliyekaa akapanga fujo hiyo. Kila nyumba ilikua na fomu yake kwa sababu zake, na kila fomu ilizaliwa na dhiki fulani.

Ile ya kwetu, MDS, ilizaliwa na aibu. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti juu ya hali ya nyumba za wazee: watu waliofungwa kwenye viti, waliolishwa dawa za kuwatuliza, wenye vidonda vya kulala ambavyo hakuna aliyevihesabu. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyotaka kila mkazi wa nyumba hizo atathminiwe kwa fomu moja, kitu kwa kitu: anaonaje, anakulaje, anakojoaje, anakumbuka nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fomu hiyo ikawa inajazwa nchi nzima. Iliundwa kwa jicho la kutafuta kinachokwenda vibaya, ndiyo maana namba zake zilipanda kadiri mtu alivyozidi kuwa na shida.

Ile ya hospitali za utengamao ilizaliwa na tumaini. Kipimo chao, FIM, kilitengenezwa miaka ya 1980: mambo kumi na manane, kila moja kutoka 1 hadi 7, jumla kutoka 18 hadi 126. Nasaba yake inarudi hadi mwaka 1965 huko Maryland, pale daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa viungo Dorothea Barthel walipochapisha orodha yao fupi ya mambo kumi, ya kuanzia sifuri hadi mia. Watu wa utengamao wanataka kuona mtu akipanda, kwa hiyo namba zao zinapanda naye. Ukifikiria vizuri, hakuna aliyekosea. Mmoja alihesabu shida, mwingine akahesabu nguvu.

Kisha pesa zikaja zikaganda juu ya kila fomu. Anayelipa wote hawa kwa sehemu kubwa ni Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na kila nyumba ilikuwa na mfumo wake wa malipo uliosimama juu ya fomu yake. Fomu ikishakuwa ankara haibadiliki kirahisi. Serikali yenyewe ikashindwa kujibu swali dogo ambalo mkulima yeyote angeliuliza kuhusu ng'ombe wake: huyu mwenye nyonga iliyovunjika hupata nafuu zaidi akipelekwa wapi? Huwezi kulinganisha mavuno kama shamba moja linapima kwa pishi na lingine kwa kibaba, tena lingine linahesabu punje zilizooza.

Mimi nne niliyoijua kwanza maishani ilikuwa ya sentimita, na pengine ndiyo sababu niliamini kirahisi hivyo.

Chuoni Mombasa tulifundishwa patografu kabla hatujafundishwa mambo mengi mengine. Ni karatasi ya miraba. Mama akiwa kwenye uchungu, unapima njia imefunguka sentimita ngapi, unaweka alama, unaangalia alama zako zinakimbiaje ukilinganisha na mstari uliochorwa tayari, unaopanda sentimita moja kila saa. Zikiangukia kulia kwa mstari huo, tahadhari. Zikivuka mstari wa pili, ulio saa nne mbele, lazima jambo lifanyike. Mistari hiyo miwili ilibuniwa na Philpott na Castle, wakaichapisha mwaka 1972, kutokana na kazi yao katika mji ambao leo ni Harare. Shida yao ilikuwa ni shida yetu: wakunga wako kliniki za mbali, daktari wa upasuaji yuko mjini, na mkunga anahitaji kujua saa ya kumtoa mama pale kabla mambo hayajaharibika. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaipokea, na karatasi tuliyofundishiwa sisi ilianza kuchorwa mama anapofika sentimita nne.

Niliona uzuri wake kwa macho yangu. Mama anatoka Kwale, amevuka feri ya Likoni ndani ya ambulansi, anashushwa Mombasa, na mkunga asiyemjua anaipokea ile karatasi, anaisoma kwa sekunde kumi, na anajua saa nane za maisha ya mtu huyu. Hakuna simu ya kuulizana. Sentimita ya Msambweni ni sentimita ya Mombasa. Hata ile nne, iliposogezwa mwaka 2020 kwenye karatasi mpya ikawa tano, ilisogezwa kwa wote pamoja.

Ila, na hili mwalimu wetu alilisema mara moja tu, wakati anafunga begi lake: sentimita ile inapimwa kwa vidole viwili. Vidole vyangu si vyako. Alitupanga mezani tukapima matundu kwenye ubao, kila mmoja akasema lake, na majibu hayakufanana. "Mpaka mfanane," akasema. Tulirudia wiki tatu. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa siku ile Lowell.

Wamarekani walichukua muda, lakini walifika. Sheria ya mwaka 2005 ya kupunguza nakisi iliamuru kujaribiwe fomu moja kwa nyumba zote, na jaribio likafanywa kuanzia mwaka 2008. Kisha tarehe 6 Oktoba 2014 Rais Obama akatia saini sheria inayoitwa IMPACT, iliyosema wazi: hospitali za wagonjwa wa muda mrefu, hospitali za utengamao, vituo vya uuguzi na huduma za nyumbani, nyote mtauliza baadhi ya maswali kwa maneno yale yale na kuyajibu kwa namba zile zile, ili taarifa za mtu zimfuate aendako. Sehemu mpya ya fomu ikaitwa GG. Kwetu iliingia Oktoba 2016.

Msomaji makini ataniuliza: sasa mbona Novemba 2018 ulimbeba mzee wa watu? Kwa sababu fomu mpya haikuifuta ile ya zamani, iliwekwa pembeni yake. Miaka kadhaa tulijaza zote mbili, na midomoni watu waliendelea na namba walizolelewa nazo. Hospitali za utengamao ziliacha kuitumia FIM kwenye fomu ya serikali Oktoba 2019. Kwetu ile ngazi ya 0 hadi 4 iliondolewa kwenye fomu ya kitaifa Oktoba 2023. Wauguzi wa nyumbani mpaka leo wana GG na bado wanajibu kile kipengele cha zamani cha kuhama, kwenye fomu moja, kurasa chache mbali. Ukimwona muuguzi wa nyumbani amekaa ndani ya gari lake akikodolea macho kompyuta ya mapajani, mwachie nafasi.

Nitaieleza GG jinsi ilivyo, maana nadhani ni kazi nzuri, na mtu anayetaka kuilaumu aijue kwanza.

Ina daraja sita, zinazoandikwa kwa tarakimu mbili. 06, anafanya mwenyewe. 05, unamwandalia vitu au unamsafishia baadaye, lakini tendo lenyewe ni lake. 04, unamwangalia, unamwelekeza kwa maneno, au unamgusa asiyumbe. 03, unamsaidia chini ya nusu ya jitihada. 02, jitihada yako inazidi nusu. 01, unafanya yote wewe, au wanahitajika wasaidizi wawili. Kuandika 04 badala ya 4 kunaonekana ni ukarani, lakini sifuri hiyo ya mbele imeniokoa: mtu akiniambia "sifuri nne" kwenye simu, najua tuko lugha moja.

Halafu kuna namba ninazozipenda kuliko zote, za mtu ambaye hakulifanya jambo. 07, amekataa. 09, hakuwa akilifanya hata kabla ya ugonjwa huu. 10, mazingira hayakuruhusu, kwa mfano hakuna kifaa. 88, hali yake au usalama wake haukuruhusu. Mtu aliyezitunga alikuwa amewahi kukaa na wagonjwa. Mzee anayekataa kuoga kwa sababu mwogeshaji ni binti wa umri wa mjukuu wake si mtu asiyeweza kuoga. Kwenye fomu tofauti hiyo ipo. Kwenye hesabu ya malipo ya vituo vyetu haipo: tangu mfumo mpya wa Oktoba 2019, aliyekataa na asiyeweza kabisa wanapewa alama ile ile, sifuri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fomu moja inaweza kusomwa na wasomaji wawili, mmoja mwenye busara na mwingine mwenye kikokotoo.

Ugumu wa GG uko kwenye neno nusu. Nusu ya jitihada inapimwaje? Ukimwinua mtu, mwili wako unajua umebeba kiasi gani, lakini mwili wa yule dada wa Kisii, mwenye mgongo mbovu, unajua zaidi kuliko wangu. Vidole vya patografu vile vile. Na kuna neno jingine zito kuliko nusu: fomu inataka utendaji wa kawaida wa mtu katika siku tatu za mwanzo. Haitaki ule wa siku aliyochangamka wala ule wa saa aliyolegea. Wa kawaida.

Sasa, wa kawaida anauona nani?

Mtaalamu wa viungo anamwona mgonjwa saa nne asubuhi, ameshakunywa chai, ameshameza dawa ya maumivu, chumba kina mwanga, na kuna mtu mwenye cheo anamwambia "vizuri sana, hatua moja zaidi." Ataandika 04 na atakuwa mkweli. CNA anamwona mgonjwa huyo huyo saa tisa usiku, kengele imelia mara ya tatu, mkojo umembana, miwani haonekani, sakafu baridi, na mtu hajui vizuri yuko nchi gani. Pale ni 02, na mara nyingine ni watu wawili. Wote wawili wamemwona. Mwongozo wa fomu unaagiza waulizwe wote: mgonjwa, jamaa zake, na wale wanaomhudumia kwa mikono. Lakini muuguzi anayejaza MDS anakaa ofisini mchana, na sisi wa usiku huwa tumeshapanda basi.

Nilikaa miaka miwili na nusu kwenye zamu ya usiku, na kwa muda wote huo niliulizwa mara ambazo naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tulikuwa tunabonyeza skrini, hiyo ndiyo iliyoitwa kuulizwa. Na skrini, saa kumi na mbili asubuhi, unabonyeza kile ulichobonyeza jana. Nakiri. Wakaguzi wakisoma hapa, nakiri kwa niaba yangu peke yangu.

Nilipopata leseni mwaka 2021 nikawa muuguzi wa usiku, na nikaanza kubeba daftari dogo. Nikipita vyumbani namuuliza CNA: leo ameinukaje? Sio namba. Nieleze ameinukaje. Asubuhi namwachia muuguzi wa MDS karatasi. Mwanzoni alizipokea kama mtu anayepokea maembe asiyoyaomba. Baadaye akawa anakuja mapema kabla sijaondoka.

Mwaka 2024, wiki ya kwanza ya Januari, tulimpokea bibi wa Kikongo. Mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku na wanawe. Kiharusi kidogo, mkono wa kulia umelegea, kichwa chake hakina neno. Alinicheka Kiswahili changu siku ya kwanza, akasema nakisema kama redio.

Kila anayeingia hupimwa pia kumbukumbu, kwa maswali mafupi yanayoitwa BIMS. Unamsomea maneno matatu: soksi, buluu, kitanda. Anayarudia. Unamuuliza mwaka, mwezi, siku ya wiki. Kisha unamwambia ayataje tena yale matatu, na akikwama unamdokeza: kitu cha kuvaa, rangi, samani ya nyumbani. Jumla ni 15. Kuanzia 13 akili iko sawa. Kati ya 8 na 12 ana upungufu wa kadiri. Chini ya hapo ni mkubwa. Ni kipimo cha dakika chache, na hakimpimi mtu hekima, kinapima kama chombo kinashika maji.

Alipimwa Alhamisi mchana, kwa mkalimani wa simu, Kiswahili safi cha sanifu. Nilikuta matokeo jioni: 12. Upungufu wa kadiri. Nikashangaa, kwa sababu bibi huyu usiku uliotangulia alikuwa amenitajia wajukuu wake kumi na mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa na makosa ya kila mmoja.

Nikafungua alama moja moja. Maneno matatu aliyarudia yote. Alipotakiwa kuyakumbuka, soksi na kitanda alivitoa mwenyewe, buluu ilitaka kudokezwa, hapo akakosa alama moja. Mwaka alisema 2023. Wiki ya kwanza ya Januari hata mimi nilikuwa naandika 2023 kwenye chati, lakini haki ni haki, alama nyingine ikaondoka. Mwezi sawa. Siku ya wiki: kosa. Pembeni muuguzi alikuwa ameandika jibu lake kama lilivyotafsiriwa: Jumanne.

Nikaenda chumbani. Alikuwa hajalala. Nikamwamkia, nikamuuliza tu kama watu wanaopiga soga, bibi, leo siku gani?

"Leo ni siku ya ine," akasema.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikacheka mpaka naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Kwao wiki inaanza baada ya Jumapili. Siku ya kwanza ni Jumatatu yetu, siku ya pili Jumanne, na kuendelea, mpaka siku ya posho, Jumamosi, jina lililobaki tangu enzi za makampuni ya migodi yaliyogawa mgao wa chakula siku hiyo. Siku ya ine ni Alhamisi. Lakini mkalimani wa pwani, mtu wa Jumamosi na Jumapili na Jumatatu, anayehesabu mosi kuanzia Jumamosi, alisikia siku ya nne akatoa Jumanne. Hakudanganya. Alitafsiri nne ya kwao kwa nne ya kwake.

Asubuhi nilimngoja muuguzi wa MDS. Nilimchorea wiki mbili kwenye kitambaa cha karatasi, moja chini ya nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu kwa mkalimani mwingine, wa Kikongo safari hii, akathibitisha. Jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa hiyo likaandikwa sahihi. Bibi akawa 13, akavuka mstari.

Unaweza kuuliza alama moja ina nini. Iko hivi: upungufu wa kadiri ungemfuata kwenye kila jengo atakaloingia, kwa sababu ndiyo kazi hasa ya sheria ile, taarifa zimfuate mtu. Angefika kwenye huduma ya nyumbani ameshaitwa msahaulifu. Angeulizwa kwa sauti ya juu na polepole. Wanawe wangeanza kuitwa wao badala yake kila karatasi inapotaka saini. Fomu za zamani, kwa ubaya wake wote, zilikuwa na rehema moja: kosa lilifia kwenye jengo lilikozaliwa.

Bado nazitetea fomu hizi, hata baada ya bibi wa Kalemie. Nimefanya kazi chini ya fomu tatu zisizoelewana na nimefanya kazi chini ya moja, na sitaki kurudi kule. Mwaka jana peke yake nimepokea wagonjwa kutoka hospitali za miji mitano tofauti, na sijamfunga mbeleko mtu anayetembea.

Juzi usiku simu ya ripoti ilikuja. Mama wa miaka sabini na mitano, goti jipya, anatoka hospitali ya utengamao, atafika asubuhi. Muuguzi wa upande wa pili alikuwa na haraka, akanisomea orodha kama mtu anayehesabu chenji. Kula, sifuri sita. Kujisafisha, sifuri tano. Kuhama kitandani hadi kitini, sifuri nne.

Nikaandika. Kisha nikamuuliza: akiinuka usiku, anashika nini?

Kimya.

Nikasema: nauliza kwa sababu vitanda vyetu havina vyuma upande wa kushoto.

"Subiri," akasema. Nikasikia simu ikiwekwa mezani, viatu vya mpira vikienda mbali kwenye sakafu, mlango, kisha viatu vikirudi, jozi mbili. Sauti nyingine ikachukua simu, ya mwanamke, Kiingereza chenye mwendo wa kwetu Nyanza.

"Anashika mto," akasema. "Anaukumbatia kwanza, anahesabu mpaka tatu, halafu ndiyo anasimama. Usimwashie taa kubwa, atakaa tena."

Nikaandika yote hayo, pembeni ya 04, mpaka nafasi ikaisha.